Mgomba Uliozikwa kwa Jina Langu

Mjukuu wangu Nasra,

Salamu za Mungu zikutangulie huko uendako. Hali yako sikuulizi, maana nakusikia hapo chumbani unavuta zipu ya begi na kulitukana. Begi halina kosa. Umetia viatu vya watu watatu. Mimi nimekaa uani, alasiri imeshapita, nakuandikia kwenye daftari la mistari kwa mkono wangu mwenyewe. Usicheke maandishi. Skuli nilitolewa darasa la nne, nikaambiwa kwa mwanamke inatosha, lakini chuoni, kwenye Kurani, nilikhitimu mbele ya kaka zangu wote na hakuna aliyenipita mpaka leo. Kusoma najua na kuandika najua, ila polepole.

Sikwambii habari ya kula, wala kuvaa, wala kusali. Ikiwa miaka ishirini na mbili nimekulea na hayo hujayashika, karatasi haitakushikisha. Barua hii nitaisukuma ndani ya begi lako, na uifungue ukishakaa kwenye boti. Nataka uisome mahali usipoweza kunikatiza. Una tabia hiyo, umeichukua kwa mama yako, naye kaichukua kwangu.

Nina jambo moja. Ule mtambo wako wa tanzia umeuzima, unakwenda Dar es Salaam kuajiriwa kujenga mitambo kama ule ule, na nyuma yako umeacha neno moja la uongo. Hilo neno silitaki liondoke nawe.

Kwanza nikueleze ninavyouelewa mtambo wenyewe, uone kwamba nilikuwa nasikiliza. Wewe ulikuwa umekalia mbuzi ya kukunia nazi, kompyuta mapajani, nazi hujaigusa, ukaniuliza: "Bibi, mtu akija mlangoni na habari ya maiti, lazima aseme nini?"

Nikakwambia vitu vinne. Jina la marehemu na la baba yake. Mtaa. Saa ya kuzikwa. Msikiti atakaosaliwa. Anayekuja na vitatu mrudishe alikotoka akaulize cha nne. Na asiondoke mpaka aliyeambiwa amerudia maneno kwa mdomo wake, ijulikane yameingia. Ndivyo alivyonifundisha mama yangu, na ndivyo nilivyopelekwa majumbani tangu nina miaka tisa.

Ukaniangalia ukasema, "Bibi, wewe ni programa."

"Mimi si programa. Mimi nina adabu. Kuna nazi hapo."

Ukaandika kwa hiyo Python yako, lugha ya kompyuta. Ukanieleza kuwa wako watu wameshachonga milango na bawaba, ukishika kazi yao huanzi na mti porini, unajenga nyumba yako tu. Unautajia mtambo vile vitu vinne, na wenyewe unamkagua kila anayekuja, pungufu anarudishwa. Sheha anaandika tanzia kwenye simu yake, mtambo unaipokea, unazipelekea simu zote zilizojiandikisha. Hata vijana wa Wete wenye programu yao wakaweza kuja kuuliza leo nani kafa, wakajibiwa. Ukasema hiyo ndiyo API. "Ni mlango, Bibi. Wanagonga, wanasema wanachotaka, wanapewa. Jikoni hawaingii." Nikafurahi, maana jikoni kwangu pia hawaingii.

Na ukaniambia la namba. Kila jibu lina namba yake. Ikianza na mbili, sawa. Ikianza na nne, kosa ni la aliyegonga. Ikianza na tano, kosa ni letu wenye nyumba. Hiyo niliipenda kuliko yote, kwa sababu binadamu nimewajua miaka mingi na hakuna aliyewahi kunijibu kwa tano.

Halafu ukauhamisha. Ukautoa kwenye kompyuta yako ukaupeleka kwenye ile ya kukodi iliyoko mbali, isiyozimwa usiku wala mchana. Ulikaa wiki nzima huli vizuri. Siku ulipoita, "Bibi, uko hewani," nilisema alhamdulillahi nikakupigia mkate wa ufuta. Sikukwambia siku ile, nakwambia leo: nilikwenda kwa Bi Raya nikajisifu. Nilisema mjukuu wangu amejenga kitu ambacho serikali haijajenga. Bi Raya akasema mjukuu wake ana duka. Nikamwambia duka ni zuri pia.

Sasa ile Jumatano, watu wameshauzoea mtambo. Wewe ulikuwa mjini, hukuona mwanzo wake, kwa hiyo kaa usome.

Nilikuwa hapa hapa nachambua karafuu. Bi Raya akaingia bila hodi, kanga kichwani, ubani mkononi, analia. Nikamuuliza, "Nani kafa?"

Akanitazama. "Wewe."

"Mimi sijaambiwa."

"Imekuja kwenye simu, Siti. Siti binti Hamad, Tibirinzi, saa kumi, msikiti wa Ijumaa."

Vyote vinne vimetimia. Hakipungui hata kimoja. Nikamwambia, "Basi kaa unisaidie kuchambua, maadamu umeshakuja." Akakaa. Naona haya kusema kwamba moyoni nilifurahi kidogo kuona amenililia. Siku zote hunibishia.

Baada yake wakaja kumi, wakaja ishirini. Mwenye mchele, mwenye jamvi, mwenye sufuria kubwa la kuazima. Kila anayeingia analia, akiniona anakasirika. Mmoja aliniuliza sasa afanye nini na sukari. Sheha akapiga simu, sauti imemkauka, anasema wanaume makaburini wameshachimba mpaka kiunoni. Wazee wakasema kaburi halifukiwi tupu, litaita maiti mwengine. Wakakata gogo la mgomba wa mkono wa tembo, wakalilaza, wakalifukia. Kwa hiyo bibi yako ana kaburi tayari, na ndani yake mna mgomba.

Wewe uliporudi watu walikuwa wameshaanza kucheka. Ulisimama hapo kwenye kizingiti, uso umekuwa kama unga. Na hapo ndipo teksi ikasimama nje, akashuka mdogo wangu Dija kutoka Jadida, kule Wete.

Wewe Bibi Dija unamjua wa harusini tu. Anakaa mkeka ule, mimi mkeka huu. Tunapeana mkono, tunaulizana hali za watoto, basi. Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini nduguyo haji kwako, nikakwambia Wete ni mbali. Wete si mbali.

Aliingia na kandambili mbili zisizolingana, moja yake na moja ya mumewe. Aliponiona hakupiga kelele kama wengine. Hakucheka wala hakulia. Alikaa kwenye jamvi langu, juu ya karafuu, akanishika mkono akaunusa kama mtoto. Akasema, "Leo nimewahi."

Watu wakamwambia, "Umewahi, Bi Dija, umewahi mpaka umemkuta hai," wakacheka. Na wewe ukapata sauti, ukasema: "Samahanini sana. Mfumo ulikosea."

Wote wakaitikia. Ah, mitandao hii. Ah, dunia ya sasa. Wakachukua masufuria yao wakenda zao. Kukawa hakuna mwenye kosa.

Ila jioni ile, jikoni, ulinambia kweli. Uliniambia ulikuwa unaujaribu mtambo kwa jina langu kwa kuwa ndilo jina unalolijua mpaka kwa babu. Ulipouhamisha ukalihamisha na daftari la majaribio, hukulisafisha, na siku ile ulipofungulia tanzia zilizokwama, ukatuma na lile. Nikakuuliza, "Mtambo ulijibu namba gani?"

"Mia mbili, Bibi."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo sawa."

Basi fikiri, Nasra. Mtambo wako wenyewe, uliouandika kwa vidole vyako, umeandika kwamba haukukosea. Umeletewa vinne, umepokea vinne, umefikisha vinne. Kila kitu kilitimia ila ukweli. Na wewe ukasimama mbele ya watu ukausingizia, kwa sababu hauna mdomo.

Sikukugombeza jioni ile. Ulishangaa, nilikuona. Nilikuacha ukalale, na asubuhi ukaniambia umeuzima na hutauwasha tena. Nikanyamaza vile vile. Sasa nakwambia nilichokuwa nakinyamazia.

Mama yangu alipokufa simu za mkononi zilikuwa hazijafika kwetu. Aliugua miezi saba. Nilimuuguza mimi. Nilimgeuza mimi, nilimlisha mimi, nguo zake nilizifua mimi. Dija alikuwa ameolewa Wete, ana watoto wadogo, alikuja mara tatu. Nilizihesabu. Kila akija anakaa kidogo, analia, mama anamsifu kwamba ana moyo mwepesi, halafu anaondoka, na mimi mwenye moyo mzito nabaki na beseni.

Mama alikata roho baada ya alfajiri. Maziko yakapangwa alasiri. Wakati ule habari za Wete tulikuwa tunampa dereva wa gari ya abiria, mtu mmoja akiitwa Othman, mpole, hana maneno. Ukimpa jina na mtaa, anasimamisha gari, anashuka mwenyewe mpaka mlangoni. Hakuwahi kupoteza hata salamu. Kaka yangu akaniambia, "Siti, Othman akipita mwambie amfikishie Dija." Nikasema vyema.

Othman alipita. Nilisimama pale barabarani, akapunguza mwendo, akanipungia mkono, akaniuliza hali ya mama. Nilikuwa na vitu vinne mdomoni. Nikamwambia, "Hajambo."

Nilitaka akute udongo, Nasra. Ndivyo ilivyokuwa. Nilisema moyoni, aliyekuja kumlilia tu akiwa mzima asije kumlilia akiwa maiti. Sikuwa nimechanganyikiwa na msiba, kama nilivyojiambia baadaye. Nilijua ninachofanya, kama unavyojua kufunga mlango.

Dija aliisikia sokoni kesho yake, kwa mtu baki. Alikuja akakuta udongo umeshakauka juu. Akatuuliza sote, "Kwa nini sikuambiwa?" Watu wakanitazama mimi. Nikasema: "Tulimpa Othman. Habari haikufika."

Lisome tena hilo neno. Habari haikufika. Kama kwamba habari ina miguu, ikachoka njiani. Ndiyo maana uliposema mfumo ulikosea nikahisi mtu kanishika shingo kwa nyuma. Nililijua neno lile. Mimi na wewe tumelitoa kwenye mkoba mmoja, ila wewe umemsingizia asiye na uso, na mimi nilimsingizia mtu.

Othman aliitwa. Alisema mara moja tu, "Sikupewa." Hakusema zaidi, hakusema nilimwambia hajambo, na mimi nilikuwa nimekaa pale na buibui langu la msiba. Watu watamwamini nani? Tangu siku ile hakupewa tena tanzia na mtu yeyote. Alikuwa akipita hapa na gari yake tupu ya maneno, anasalimia, anakwenda. Alikufa miaka sita iliyopita. Nilikwenda maziko yake nikala wali wake.

Na Dija alikaa mkeka wake miaka yote hiyo, kwa sababu aliona hatukumngoja. La kweli hakulijua.

Sasa unaona kwa nini aliponambia leo nimewahi niliinama kuokota karafuu.

Wiki tatu zimepita. Dija alianza kunipigia simu kila Ijumaa, anacheka, ananiuliza mgomba wako umeotaje. Nilikuwa nimepata ndugu. Ningeweza kunyamaza, na nilikusudia kunyamaza. Nikasema Mungu ametumia upuuzi wa mjukuu wangu kutupatanisha, imetosha.

Kilichonitoa ni Mzee Shaame. Ulimsikia alipofariki wiki iliyopita, hapa mtaa wa pili. Ndugu yake yuko kisiwani Fundo. Wakati wa mtambo wako, simu yake ya Fundo ingelia kabla hawajakata sanda. Mtambo umezimwa, na tangu uje mtambo watu wameshaacha kupelekeana habari kwa miguu, kila mmoja alidhani mwenziwe amepiga. Yule mzee alifika kesho yake. Nilimwona anapita hapa kwenda makaburini na mwanawe, anatembea upesi kama kwamba bado kuna cha kuwahi.

Wewe ulikuwa chumbani, mlango umefunga. Ulimwona dirishani. Usikatae, pazia lilitikisika.

Nilijiambia, huyu mtoto ameuzima mtambo kwa haya. Hakuuzima kwa sababu ni mbovu. Umesema mwenyewe kwamba nyumba ya kujaribia umeshaitenga na nyumba ya watu, kosa lile haliwezi kuingia tena. Umeuzima ili usiulizwe. Na haya ile ile, usipoisema, itakula watu wengine wasiokujua kabisa. Ya kwangu ilimla Othman.

Basi leo asubuhi nilikwambia nakwenda Wete kutafuta changu. Nimerudi bila samaki, na hukuniuliza, kwa hiyo ulijua kuna jambo.

Nilimkuta Dija anapepeta mchele. Alifurahi kuniona, akataka kuteleka chai. Nikamwambia asiteleke. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe, hata lile neno hajambo. Sikulia, maana ningelia angenibembeleza, ingekuwa wizi mwengine.

Aliendelea kupepeta mpaka ukawa hauna chuya hata moja. Halafu akaniuliza, "Othman alijua kwamba ni wewe?"

"Alijua."

"Na akanyamaza mpaka kufa."

"Alisema mara moja. Hakuaminiwa."

"Na mimi nilikuwa simjibu salamu," akasema. "Akisimama kituoni napanda gari nyengine. Siti, mimi kwangu utangoja. Sijui lini. Nenda kwanza kwa watoto wa Othman, uwambie baba yao hakusahau kitu. Ukishatoka huko ndiyo tutajua kama tuna la kuzungumza."

Hakunisindikiza. Nilitoka nikasimama kituoni peke yangu, na sikujua nimepona au nimeumia zaidi. Sasa hivi ninapoandika bado sijui. Nisikudanganye kwamba ukisema kweli unakuwa mwepesi kama unyoya. Nimekuwa mwanamke mzee aliyempata nduguye kwa wiki tatu na huenda amempoteza tena. Lakini alichonacho Dija mkononi sasa ni changu kweli. Hata akikitupa.

Huko uendako utakaa na watu wanaojua kukushinda, nawe utawafikia upesi, hilo sina wasiwasi nalo. Nimekuona ukikaa saa nne kwa kosa la mstari mmoja, umenyamaza kama mvuvi wa kamba. Nimekuona ukimfundisha sheha kubonyeza simu, yeye na miwani yake ya kamba, na hukumcheka hata mara moja. Watu wenye akili nimewaona wengi. Wenye akili na subira ni wachache, na mmoja nimemlea mimi kwa muhogo. Lakini iko siku kitu chako kitaanguka mbele ya watu wengi, na mkubwa wako atauliza nani, na chumba kitakuwa kimya. Ukimya ule mimi naujua. Ni mfupi sana. Ukiuacha upite, utakaa ndani yake miaka ishirini na kitu.

Usingoje Dar es Salaam. Boti ikishatoka Mkoani, mtandao unabaki kidogo kabla haujakatika. Kompyuta unayo. Washa mtambo. Kisha uandike kwa simu zile zile zilizopata habari ya kifo changu, kila moja, maneno machache: kwamba mimi Nasra, mjukuu wa Bi Siti wa Tibirinzi, ndiye niliyemtangaza akiwa hai, kwa uzembe wangu wa kutosafisha majaribio, nikasema mfumo, na haikuwa mfumo. Kisha waombe radhi wale waliochimba. Mwandikie na yule mzee wa Fundo peke yake. Watakusema. Bi Raya atakusema mpaka Ramadhani. Nitakuwa hapa namjibu.

Ungeweza kuniambia, Bibi, mbona unaniamrisha la kwangu na la kwako limekuchukua umri mzima. Ndiyo. Kwa sababu hiyo hiyo nina haki ya kukuamrisha.

Kesho gari ikishakuchukua kwenda Mkoani, mimi sitakaa kupunga mkono mpaka vumbi litulie. Nitavuka barabara nipande ya Wete. Othman ameacha watoto watatu. Mkubwa ana duka la mabati karibu na stendi, wawili sijui wanakaa wapi, nitauliza. Sijui watanipokea vipi, na naogopa, nami ni mtu ambaye sijawahi kuogopa hata nyoka wa shambani.

Tutakuwa njiani wakati mmoja, wewe kusini na mimi kaskazini, kila mmoja na mlango wake wa kugonga. Wa kwangu ni watu watatu tu. Wa kwako ni wengi, lakini wewe unajua njia ya kuwafikia wote kwa mara moja. Usiniache niende peke yangu, Nasra.

Bibi yako,
Siti binti Hamad